Jiwe la Uluguru na Hesabu za Kwanta

Mwaka 1914, katika taasisi ya utafiti wa radiamu mjini Vienna, wanakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima uzito wa atomi za risasi waliyoichuja kutoka kwenye jiwe jeusi la urani lililochimbwa Morogoro. Risasi ya kawaida, ile ya mabomba ya zamani na betri za magari, ina uzito wa atomi unaokaribia 207.2. Ile ya Morogoro ilitoa 206.05 hivi. Kwa mtu wa sokoni tofauti hiyo si kitu. Kwa mwanakemia wa wakati ule ilikuwa kishindo, kwa sababu risasi hizo mbili zilifanana katika kila jaribio la maabara isipokuwa uzito. Mwaka mmoja kabla, Frederick Soddy alikuwa amependekeza kwamba atomi za elementi moja zaweza kupishana uzito, na akaziita isotopu. Wengi walisita. Theodore Richards wa Harvard alikuwa akiona dalili za jambo hilo katika mawe mengine, na Hönigschmid na Horovitz wenyewe walianza na jiwe la Joachimsthal huko Bohemia, lakini humo risasi iliyozaliwa na urani ilikuwa imechanganyika na risasi ya kawaida, na jibu likatoka vuguvugu. Fuwele za Morogoro zilikuwa safi. Karibu risasi yote iliyokuwamo ilizaliwa humo humo, na urani iliyokuwa ikioza polepole kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Jiwe hilo lilitoka katika milima ya Uluguru, ambako enzi za Wajerumani kulichimbwa ulanga, na pamoja na ulanga yakatoka mawe mazito meusi yenye ganda la unga wa njano. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika kusini mwa nchi, Willy Marckwald wa Berlin aliuchunguza unga ule, akakuta ni madini mapya, kabonati ya urani. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Montreal. Mpaka leo vitabu vya madini vinaitaja Morogoro kuwa ndiko madini hayo yalikotambuliwa kwa mara ya kwanza. Mlima wa Waluguru, koloni la Wajerumani, jina la mtu wa New Zealand, maabara ya Vienna na nadharia ya Mwingereza: kila kiungo cha mnyororo huo kilipata chake, na kilichobaki Morogoro ni shimo.

Hilo silisemi kwa nia ya kulalamika. Kulalamikia mawe yaliyobebwa ni kazi rahisi na imeshafanywa na wengi. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba katika fizikia faida haikai kwa mwenye jiwe. Hukaa kwa mwenye kipimo. Bila mizani ya Vienna, jiwe la Morogoro lingebaki jiwe tu. Bila jiwe la Morogoro, mizani ya Vienna ingetafuta jiwe jingine, na kwa kweli ililipata Norway, nalo likatoa karibu jibu lile lile. Kwa hiyo nchi inayojiuliza leo iingie vipi katika sayansi ya kwanta, iwe kwa mlango wa kompyuta au wa utafiti wa chembe, itapotea ikianza kwa kuhesabu madini yake au kwa kuulizia bei ya mashine. Swali la kwanza ni hili: ina watu wangapi wanaoweza kupima, kukokotoa na kuhakiki yaliyopimwa na wengine?

Afrika Mashariki imewahi kuingia katika fizikia ya dunia kwa njia nyingine mbili, na ukizilinganisha na ile ya jiwe hoja yangu inapata nguvu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru wake, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutazama mionzi ya eksirei itokayo angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa iko jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Hapo tulitoa mahali, na jina zuri. Data zikaenda Marekani, zikasomwa Marekani.

Njia ya tatu ni ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friza yakiwa bado moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne akarudi chuoni, akataka jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wapo wanafizikia wanaobisha mpaka leo kwamba jambo hilo halitokei katika maji kwa uhakika, na wana sababu zao: vipimo vya maji huyumba kwa mambo madogo kama mahali kipimajoto kilipowekwa. Lakini swali lilikuwa na uhai kuliko maji yenyewe. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, wakitumia ioni 12 zilizonaswa na kuongozwa kwa leza, walionyesha kwamba mfumo wa kwanta ulioanza mbali zaidi na utulivu waweza kuufikia kabla ya ule ulioanza karibu. Jambo hilo huitwa tukio la Mpemba la kwanta. Katika njia hizo tatu, ni hii ya swali pekee iliyoacha jina la mtu wetu ndani ya sayansi yenyewe, na ilihitaji friza ya shule, kijana mkaidi na mhadhiri mmoja aliyekubali kupima kabla ya kucheka.

Msomaji anaweza kusema kwamba jiwe la 1914 ni habari za kemia, na kompyuta ya kwanta ni jambo jingine kabisa. La hasha, kinachoviunganisha ni kitu kimoja, na kinastahili kuelezwa bila haraka. Urani-238 huoza kwa kurusha chembe ya alfa, na nusu yake huisha katika miaka bilioni 4.5. Poloni-212 nayo hurusha chembe hiyo hiyo, lakini nusu yake huisha ndani ya muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tofauti ya nishati kati ya chembe hizo mbili haizidi mara mbili na ushei. Kwa nini basi umri wao upishane kiasi hicho? Jibu lilikuja mwaka 1928, lilipotolewa na George Gamow, na wakati huo huo, pasipo kuwasiliana naye, na Ronald Gurney na Edward Condon. Kwa sheria za zamani chembe ya alfa haina nguvu za kutosha kutoka ndani ya kiini cha atomi. Kwa sheria za kwanta inao uwezekano mdogo wa kupenya kizuizi, kana kwamba mzigo ulioshindwa kupandishwa mlima umekutwa upande wa pili bila kupitishwa kileleni. Uwezekano huo hupungua kwa kasi ya kutisha kizuizi kinapoongezeka kidogo tu, na ndiyo maana nishati inayopishana kidogo huzaa umri unaopishana mno. Risasi ya Uluguru ni mabaki ya upenyaji huo, tukio baada ya tukio, tangu kabla ya kuwapo wanyama nchi kavu.

Kwa miongo mingi ilidhaniwa kwamba upenyaji ni tabia ya vitu vidogo kama kiini cha atomi. Kati ya 1984 na 1985, huko Berkeley, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walitengeneza saketi ya kipitishi kikuu, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, kubwa kiasi cha kushikwa mkononi, na wakaonyesha kwamba saketi nzima hupenya kizuizi na kushika ngazi maalumu za nishati, kama atomi. Kwa kazi hiyo walipewa Nobel ya 2025. Saketi za ukoo huo ndizo leo zinazotumika kama kyubiti, vipande vya msingi vya taarifa vya kompyuta ya kwanta, katika mashine za Google na IBM, na Martinis mwenyewe aliongoza kikundi cha Google kilichotangaza mashine ya kyubiti 53 mwaka 2019. Nadharia iliyoeleza kwa nini jiwe la Morogoro lilikuwa na risasi nyepesi ni nadharia hiyo hiyo inayoendesha kompyuta zinazogombaniwa na mataifa makubwa. Aliyelielewa jiwe hilo si mgeni kwa kompyuta hizo.

Hapa inabidi kusema kweli kuhusu kompyuta hizo, maana matangazo ni mengi. Mashine ya Google iitwayo Willow, iliyotangazwa Desemba 2024, ina kyubiti 105, na sifa yake si wingi. Ilionyesha kwamba unapoongeza kyubiti zinazorekebishana, makosa hupungua badala ya kuongezeka, jambo lililokuwa likisubiriwa kwa takriban miaka 30. Ni hatua ya kweli. Lakini kazi za manufaa bado ziko mbali. Chukua mfano unaomgusa mkulima wa wilaya ya Gairo anayechanganya mahindi na maharage. Vijidudu kwenye mizizi ya maharage huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea katika joto la kawaida la udongo, kazi ambayo viwanda huifanya kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Kimeng'enya kinachofanya hivyo kina kitovu cha chuma na molibdeni ambacho elektroni zake ni ngumu mno kukokotolewa kwa kompyuta za kawaida, na mwaka 2017 watafiti walipiga hesabu wakaonyesha kwamba kompyuta ya kwanta kubwa ya kutosha ingeweza kuimudu. Kubwa ya kutosha: ndipo palipo na utata, kwani hakuna mashine kama hiyo popote. Anayemwahidi mkulima mbolea ya kwanta msimu ujao ni tapeli.

Ndiyo maana pingamizi la kwanza, kwamba haya yote ni anasa, halina budi kusikilizwa. Gairo ni wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, kwenye barabara kuu ya Dodoma, upande wa milima ya Ukaguru. Anayeishi huko ana haki ya kuuliza kwa nini shilingi ya umma iende kwenye kyubiti kabla ya bomba la maji. Ningekubaliana naye kabisa kama hoja ingekuwa kununua mashine inayopozwa mpaka karibu sehemu ya mia ya nyuzi juu ya sifuri kamili. Lakini Gairo haiko nje ya fizikia ya kwanta hata leo. Paneli ya sola juu ya bati hufanya kazi kwa sheria ambayo Albert Einstein alianza kuifungua mwaka 1905. Taa nyeupe za LED zinazomulika meza za wauza chipsi usiku zilisubiri ugunduzi wa LED ya bluu, ulioleta Nobel ya 2014. Simu ni mabilioni ya transista mfukoni. Anayesema tutanunua vikiiva anasahau kwamba hata mnunuzi anahitaji mpimaji: paneli iliyoandikwa wati 100 nayo haitoi hata nusu yake haigunduliki kwa macho, na anayeumia ni mwananchi aliyeuza gunia la mahindi ili ainunue.

Tena tunao mfano wetu wa kipimo kilicholipa. Unguja ilisumbuliwa na mbung'o kwa vizazi. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o walizalishwa kwa wingi Tanga, madume yakapigwa mionzi ya gama ili yasizae, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa huru. Kiini cha mafanikio hayo hakikuwa ukubwa wa chombo cha mionzi. Ilibidi dozi ipimwe sawasawa, kwa kuwa dume aliyepigwa mionzi kupita kiasi hapandi, na aliyepigwa pungufu huzalisha. Ilibidi vilevile mitego ihesabiwe wiki baada ya wiki na watu waliojua takwimu. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, hali ni hiyo hiyo: mashine inayoongeza kasi ya elektroni ili kutibu saratani ni ndugu mdogo wa mashine za utafiti wa chembe, na bila mwanafizikia wa tiba wa kuipima haitibu, inaunguza.

Pingamizi la pili ni la wajuzi zaidi: kompyuta za kwanta zinaweza zisifike kamwe, kwa nini tuzihangaikie? Jibu langu ni kwamba ipo kazi ambayo haisubiri zifike. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta ingegawanya namba kubwa katika vigawo vyake kwa haraka, na ugumu wa kazi hiyo ndio unaolinda sehemu kubwa ya siri za benki na mitandao. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa kawaida kungehitaji kyubiti milioni 20 zenye makosa. Mwaka 2025 mmoja wao, Craig Gidney wa Google, aliteremsha makadirio mpaka chini ya milioni moja. Kutoka 105 hadi milioni ni safari ndefu, hilo halibishaniwi. Ila ona mwelekeo wake: mashine zinapanda na hesabu zinashuka, na zitakutana mahali fulani. Mwenye nia mbaya anaweza kurekodi leo mawasiliano yaliyofungwa na kuyafungua miaka 15 ijayo. Muamala wa kulipia luku hautakuwa na thamani wakati huo. Rekodi za afya, alama za vidole za kitambulisho cha taifa na siri za serikali zitakuwa nayo bado.

Mtu wa Gairo anaweza kunicheka hapa, na ana haki. Wezi wanaomsumbua hawahitaji kyubiti hata moja. Wanatuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wapo wanaoituma. Nakubali kwamba kwa leo ulinzi dhidi ya utapeli huo unaokoa pesa nyingi zaidi. Lakini ulinzi wa namna moja haufuti mwingine, na huu wa pili una ratiba. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya usimbaji vinavyotarajiwa kuhimili kompyuta ya kwanta, baada ya mashindano ya wazi yaliyoanza 2016, na pendekezo lake ni kwamba njia za zamani ziachwe ifikapo 2035. Hisabati yake imechapishwa, hailipiwi. Anayehitajika ni mtu wa kukagua mifumo ya benki, kampuni za simu na serikali, kujua ni wapi funguo za zamani zimejificha, na kuzibadilisha bila kuvunja kinachofanya kazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria hulinda taarifa dhidi ya anayeogopa mahakama. Asiyeiogopa huzuiwa na hesabu.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote: wakisomeshwa wataondoka. Ni kweli, wengi huondoka. Kétévi Assamagan ana asili ya Togo na amefanya kazi yake katika maabara ya Brookhaven, Marekani, akiwa mmoja wa wanafizikia wa mashine ya utafiti wa chembe ya CERN huko Ulaya, yenye mzingo wa kilomita 27. Lakini huyo huyo ni miongoni mwa walioanzisha shule ya Kiafrika ya fizikia ya msingi, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010 na kufika Kigali mwaka 2016. Abdus Salam, Mpakistani aliyepata Nobel ya fizikia ya chembe mwaka 1979, alilifikiria tatizo hilo mapema kuliko wengi. Alianzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka 1964 akiwa na mpango wa kumruhusu mtafiti abaki kwao na kwenda kituoni kwa majuma machache kila baada ya muda, asome, ahesabu, ajadiliane, arudi. Tangu 2018 tawi la kituo hicho lipo Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na Kigali iko karibu na Mwanza kuliko Dar es Salaam ilivyo. Hata safari yenyewe si lazima kama zamani. IBM iliweka mashine ndogo ya kwanta kwenye intaneti mwaka 2016 ili yeyote aijaribu, na CERN imekuwa ikifungua data zake kwa umma tangu 2014. Kijana mwenye kompyuta mpakato na bando anaweza kuchambua migongano halisi ya protoni akiwa Morogoro mjini, mradi awepo mwalimu wa kumwonyesha lipi ni tukio na lipi ni kelele.

Mwalimu huyo, na ajira baada ya masomo, ndiyo mambo mawili yasiyopatikana kwenye intaneti. Mhitimu wa fizikia haondoki kwa kupenda baridi ya Ulaya. Huondoka kwa sababu tangazo la kazi lenye jina la taaluma yake halionekani. Nafasi zinazofaa zinaeleweka hata sasa: mkaguzi wa usimbaji Benki Kuu, mpimaji wa isotopu katika Tume ya Nguvu za Atomiki Arusha, hasa wakati huu ambapo urani ya Mto Mkuju huko Namtumbo inaandaliwa kuchimbwa, mwanafizikia wa tiba Ocean Road, mhadhiri wa mekanika ya kwanta mwenye saa za utafiti na si za kusahihisha mitihani tu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolazimika kusubiri kompyuta ya kwanta ikamilike, na mishahara yake yote kwa mwaka haikaribii bei ya mashine moja.